Mkono wa Kituo cha Tisa

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, Shehe wetu wa kijiji, Katekista Evaristo, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanakwaya mnaonicheka tangu niliposhika kipaza sauti: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Nimeambiwa niseme machache kuhusu vibao hivi kumi na vinne vya Njia ya Msalaba vinavyobarikiwa leo. Mnanijua, mimi Dominick ni mchonga vinu. Hapa Kikole hakuna mama asiyetwanga kwa kazi ya mikono yangu, wala ambaye hajanilalamikia kwamba kinu kinayumba. Sasa mtu wa vinu ameingiaje humu?

Mwaka ule wa mafuriko, maji yalileta gogo la mninga, likabomoa ukuta wetu, na ukuta ukatuangukia mimi na mke wangu, Maria. Nilimzika Maria, nikaacha kusali. Gogo likabaki uani, nalitazama kila asubuhi nikilipangia moto. Ndipo Evaristo alipokuja.

"Fundi, kanisa jipya halina Njia ya Msalaba. Tuchongee."

"Mbao ziko wapi?"

Akalionyesha gogo lile kwa kidole. Katekista, leo nakiri mbele za watu: nusura nikurushie tezo.

Nilikubali ili tu nilione likipasuliwa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevunjika siku ya mafuriko, kwa hiyo jirani yangu Shaaban, kila akitoka kuswali adhuhuri, alikuja kunishikia ubao. Ndiyo maana Simoni wa Kirene, yule anayemsaidia Yesu msalaba pale kituo cha tano, amevaa kofia kama ya Shaaban. Nilichonga nilichokiona. Baba Paroko aliuliza kama inaweza kuondolewa; nikamwambia, Baba, kofia ikiondoka na kichwa kinaifuata.

Kituo cha tisa kikanishinda. Yesu anaanguka mara ya tatu. Nilimlaza kifudifudi, mikono ubavuni. Shaaban akatazama, akaguna.

"Mtani, huyu umemuua mapema. Si kuna vituo vingine mbele?"

"Ameanguka. Ulitaka afanyeje?"

"Wewe ulipokuwa chini ya tope, mimi nilikuona kwa mkono uliochomoza. Ulikuwa unatafuta pa kushika."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Miezi yote ile nilikumbuka ukuta ukianguka. Mkono nilikuwa nimeusahau. Ni nani aliyeuinua, na mimi moyoni nilitaka kubaki palepale na Maria? Nikauchukua ubao wa mwisho uliosalia, nikamchonga Bwana upya: kiganja kimebana ardhi, kiwiko kimeanza kunyooka. Nikiwa navitoa vile vidole, kimoja kimoja, nikajisikia nasali, kwa Kimatumbi, maneno ambayo mke wangu alikuwa akisali kila asubuhi. Sikuyaita. Yalikuja yenyewe.

Sisemi kwamba kilio kimekwisha. Nasema kila asubuhi nainuka, na najua namfuata nani.

Akina mama, vinu nitavirekebisha, lakini si leo. Mkifika kituo cha tisa, kishikeni kile kiganja. Sikukipaka vanishi, makusudi. Shaaban, mtani wangu, ahsante kwa kunishikia ubao, na kwa kunivuta. Nanyi nyote asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Baba Paroko yuko tayari na maji ya baraka. Tuinuke.