Kufuli la Mwenyekiti na Sindano ya Mjukuu Wangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kituo chetu cha kulelea watoto, Mheshimiwa Daktari uliyewaacha wagonjwa uje kunywa soda yetu, walezi, wazazi wenzangu, mke wangu uliyenionya nisiropoke, na ninyi raia wadogo mliokaa mkekani mkilana vidole: nawasalimu kwa vyeo vyenu, na asiye na cheo nimemsalimu mara mbili.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa kituo hiki. Shule tuliagana mapema, bila ugomvi, lakini vilio vya humu ndani nimevisomea mpaka nikahitimu. Kipo cha njaa, kipo cha kunyang'anywa gari la plastiki, na kipo cha kung'atwa, ambacho huanza na ukimya mrefu, mpaka unajiuliza kama mtoto amesahau kulia.

Leo mlezi wetu mkuu anastaafu. Tunamwita Mama Barafu, na sababu mnaijua. Humu ndani yumo raia mmoja tuliyempa jina la Papa kwa ajili ya meno yake, naye hachagui mtu. Hata Mheshimiwa Mwenyekiti ana alama yake mkononi, asituficha­fiche. Papa aking'ata, Mama Barafu hapayuki. Anamwosha aliyeumia kwa sabuni na maji yanayotiririka, anamwekea barafu iliyofungwa kitambaani, kisha anamgeukia mhalifu: "Mwanangu, uji wa leo haukukutosha?"

Sasa nani kasahau siku nyuki alipomchoma mjukuu wangu wa kike shingoni? Lo, siku hiyo kila mtu alikuwa daktari. Mpishi alikuja mbio na kitunguu. Dereva akaja na mafuta ya breki. Mafuta ya breki, ndugu zangu, kana kwamba mtoto ni lori. Na bibi yake, huyu hapa anayenikazia macho, alishika dawa ya meno. Mama Barafu aliukwangua mwiba kwa ukucha, akasema bila kugeuka: "Kitunguu kirudi kwenye sufuria, mafuta yarudi garini, na wewe mama, nenda kapige mswaki."

Tukacheka. Hatukucheka sana. Midomo ya mtoto ilianza kuvimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mama Barafu akasema, "Huu si uvimbe wa kawaida. Mwili wake umemkataa nyuki. Dereva, washa gari." Tukaondoka naye kuelekea hospitali, na Daktari huyu hapa akatupokea.

Mtoto alipopona, Daktari alitupatia sindano maalumu ya kuokoa pumzi, akatuambia, "Ikae alipo mtoto, siku zote." Mama Barafu akaitia kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akalitundika juu ya sinki: juu mno kwa Papa hata akipanda kiti, karibu kabisa kwa mtu mzima. Na kila Ijumaa akawafunza wote, mpishi na dereva wakiwemo, kwa kumdunga pajani mwanasesere wa matambara, mnene kidogo, mwenye miwani. Jina walilompa silitaji. Mheshimiwa Mwenyekiti, usigeuke nyuma.

Basi wiki iliyopita Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa moyo mwema kabisa, alilitia sanduku lile kufuli. Si kufuli hivi hivi, kufuli la ghala. Na ufunguo unaning'inia kiunoni pake. Nimeusikia ukilia alipokuwa akipanda jukwaani. Ofisi yake iko ng'ambo ya mji. Nauliza tu, mimi mzee nisiyejua mambo: nyuki akimchoma tena mjukuu wangu, pumzi yake itakaa foleni? Itaambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni?

Unasemaje, Mheshimiwa? "Mzee, hayo tuyazungumze ofisini"? Ofisi hiyo hiyo ya ng'ambo ya mji?

Anayeshika nafasi ya Mama Barafu ni huyu binti aliyesimama mlangoni. Ijumaa yake ya kwanza alizirai kabla ya mwanasesere kudungwa. Siku hizi anamdunga huku akimbembeleza. Mpe ufunguo, Mheshimiwa. Mimi nitasimama hapa hapa. Mke wangu ananivuta koti, lakini koti hili nimelishona mwenyewe, halichaniki.

Naona anapapasa kiuno. Sio huo, Mheshimiwa, huo ni wa gari. Naam. Huo.

Binti, fungua tusikie. Aaa. Mama Barafu, umesikia? Sasa kastaafu, mama yetu, na usiku ulale usingizi. Na kufuli mrudishieni mwenyewe, bado zima, akafungie biskuti zake.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka kufuli likafunguka. Sasa naomba kiti, ila mniangalizie kwanza kama Papa hayuko chini yake.