Sauti Iliyotoka Nyumbani kwa Mwalimu Orpa

"Kama ni phonie, antenne yake iko wapi?" Swali hilo mama yetu aliliuliza tarehe 12 Oktoba 1999, mbele ya askari waliojaa kwenye salon ya nyumba yetu hapa Butembo wakitafuta redio ya kutumia habari, wala hakuna aliyemjibu, na kwa kuwa jamaa imenituma mimi, Shekinah, mtoto wake wa kwanza, niwasomee historia ya maisha yake, nimeona nianze na hilo, kwa maana mama hakupenda swali lilale nje.

Marehemu Orpa Kavugho alizaliwa Lubero tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya wakulima wa viazi, akasoma kwenye masomo ya misheni hukohuko mpaka akapata diploma ya ualimu mwaka 1975, na tangu utoto alijulikana kwa kufungua kila kitu kilichofungwa na vis, ile misumari ya kuzungusha, hata saa ya ukuta ya directeur, ambayo aliirudisha ikitembea, lakini kweli isemwe, ilikuwa inatembea hata kabla hajaifungua.

Alianza kufundisha calcul, yaani hesabu, hapa Butembo Septemba 1976, na tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa kanisani na baba yetu, Valère Ilunga, mwalimu wa physique aliyetumwa na Serikali kutoka Kasai, wakanizaa mimi mwaka 1981 na mdogo wangu Zorobabel mwaka 1984. Mwaka 1987 walinunua kwa mwalimu Mbelgiji, aliyekuwa anarudi kwao, ordinateur, kompyuta ndogo ya nyumbani, clavier ya kuandikia na mashine kitu kimoja, unaiunga kwenye televisheni na kwenye betri ya gari, na programu zake zinatoka kwenye kaseti, ambayo ikipigwa inatoa mlio mkali wa kukatakata, kama misumari inayokwaruza bati. Mama akaiandikia programu ya kufundisha watoto kuzidisha, na wanafunzi wake walikuja kwetu kila jioni kushindana nayo.

Vita vya 1998 vilipotugawanya, kila mutu aliyetoka upande ule mwingine, wa Serikali ya Kinshasa, aliitwa espion, mpelelezi, na jirani mmoja aliyesikia mlio wa kaseti akaenda kambini kusema kwamba mwalimu wa Kasai ana phonie, anatuma habari Kinshasa. Hakupiga hodi kwetu, hakuuliza hata mtoto mmoja kati ya wale waliokuwa wanaingia na kutoka. Askari walipofika, mmoja wao alitaka kuona ile sauti inajificha wapi, akainua kifuniko kwa ncha ya kisu cha bunduki, mashine ikiwa bado kwenye betri, chuma kikagusa nyaya mbili kwa mara moja, cheche ikaruka, moshi ukatoka, televisheni ikawa giza, nao wakasema baba ndiye ameizima kwa ujanja. Wakampeleka Beni, na komanda akatuma neno kwamba ikiwa ni mashine ya watoto, ije iseme yenyewe mbele yake, ikishindwa, Valère hatarudi.

Wanaume wengi walikuja kutupa pole, lakini hata mmoja hakuja na tournevis ya kufungulia vis. Mama aliibeba mashine mpaka kwa Éliakim, fundi wa redio sokoni, ambaye aliinusa tu akasema, "Mama Shekinah, hii imekufa, uizike," mama akamjibu, "Kwetu hatuzikake mutu bila kuuliza ugonjwa, leta ampoule." Kwa ampoule ya torche na waya mbili akafuata njia ya umeme tangu unapoingia, na pale ampoule ilipokataa kuwaka akaona mstari wa shaba umeungua, akauunga kwa uzi mmoja wa waya. Mbele kidogo akagundua kwamba kile kipande cha miguu mitatu, kinachoteremsha umeme mpaka kiwango ambacho mashine inavumilia, kimekufa pia, Éliakim akafukua kingine chenye numero ileile ndani ya redio ya gari iliyoharibika. Mama hakurudi kwenye betri ya gari, alijaribu kwanza na mawe ya torche, kwa sababu, alisema, mawe yakikosea yanachoka, betri ikikosea inaunguza. Éliakim akapima, akakuta volti tano, zile zinazotakiwa, akarudisha kifuniko mwenyewe.

Beni, ndani ya bureau ya komanda, kaseti ilipoanza kulia askari walishika bunduki, mama akawaambia, "Mungoje, iko inasoma." Kwenye televisheni ikatokea saba mara nane, komanda akaandika hamsini na ine, mashine ikamwandikia: Rudilia tena. "Hii kitu inatukana mukubwa," akasema. "Hapana, commandant," mama akajibu, "hata mimi inanirudishaka." Akarudilia, akapata, akaomba nyingine, na nyingine tena, na mbele ya saa ya kula baba alitolewa, naye ndiye anayeketi hapa mbele yenu. Mashine ilibaki kule kwa uchunguzi. Uchunguzi gani, mpaka leo hakuna aliyetueleza.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2001, akatibiwa hapa Butembo, akifundisha siku alizoweza na kuwauliza wauguzi kila chupa ya sérum ina nini ndani, mpaka tarehe 21 Februari 2003 alipoitwa na Bwana, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomjibu bila kuchoka, walimu wenzake walioshika darasa lake, majirani waliolala nasi kwenye kilio, na papa Éliakim, aliyepiga misumari ya sanduku hili kwa mkono wake. Mama, pumzika katika amani ya Bwana, maswali yaliyobaki tuachie sisi.

Na ninyi mliokuja kutusindikiza, hatutaki kujua ni nani aliyekwenda kambini, baba amekataza. Tunawaomba jambo moja tu: ukisikia kwa jirani sauti usiyoijua, piga hodi, ingia, uulize.