Kitabu Alichonisomea Binti Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mimi si msemaji, lakini leo nimeomba nafasi kwa sababu ya kitabu. Ndiyo, kitabu cha watoto. Msicheke kwanza.

Wengi mnajua tulivyompoteza mama watoto. Alikuwa anatoka shamba na binti yetu, wakavuka korongo kavu, kumbe huko juu mvua ilishanyesha. Maji yakaja ghafla. Mtoto alipona, mama hakupona.

Tangu hapo binti yangu akawa anaogopa usingizi. Akisinzia tu, anaamka akipiga kelele. Shule akaacha. Akisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, anatetemeka. Nami namwambia, "Nyamaza, yamepita." Ndugu zangu, nawaambia, hata kwangu hayakuwa yamepita.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi pale Makole. Akatuletea kitabu hicho nyumbani Miyuji. "Kaka, msomee kidogo kidogo, mkishakula mchana."

Ni hadithi ya msichana anayeingia nchi ya ndoto. Huko kuna mnyama mkubwa anayenguruma, kila mtu anamkimbia. Mwandishi yule ana moyo, jamani! Hamwambii mtoto asiogope. Anamwacha aogope, ila hamwachi peke yake.

Siku moja, tumekaa mkekani, tukafika pale msichana anapomsogelea mnyama na kumwuliza, "Unaumwa wapi?" Sauti ikanikatika.

"Baba, unalia?"

"Vumbi tu, mwanangu."

"Si vumbi. Lete nisome mimi."

Akasoma, anakwama, anaendelea. Mnyama akajibu kwamba anamtafuta mama yake. Binti yangu akasema, "Baba, mama alinisukuma ukingoni. Akaniambia, shika mzizi, usiachie."

Hakuwahi kulisema. Tukalia wote wawili, tukamzungumzia mama yake mpaka jua likapoa.

Usingizi haukurudi siku ile. Ulirudi taratibu. Sasa yuko shule, na ndoto zake ananisimulia asubuhi tukinywa uji.

Namshukuru dada yangu. Nanyi mliokuja kunilimia nilipokuwa siwezi hata kushika jembe, asanteni sana. Mwandishi simfahamu, Mungu anamfahamu. Mwenye mtoto anayeshtuka usingizini, usimnyamazishe. Kaa naye, mpe nafasi aseme.

Kitabu ninacho hapa. Binti yangu amekubali kukiazimisha, ila amesema niwaambie: atakayekichukua asikunje kurasa, maana yeye bado anakisoma.