Rufaa ya Binti wa Soli

Asubuhi ile tulimkuta Soli, fundi viatu, ameketi kwenye benchi letu nje ya kibanda cha kinyozi, simu sikioni, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. Tukadhani msiba. Kumbe binti yake, mkemia, ameshinda rufaa! Wakaguzi wa hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasimwige, walikuwa wameikataa dawa yake: eti ugunduzi wenyewe ni dhahiri, mtaalamu yeyote angeufikia. Tangu hapo Soli alikuwa hata hamtaji kijiweni, kwa uchungu. Leo akamwagiza Mama Buli, muuza kahawa, atujazie vikombe sote. Ila Wembe, kinyozi wetu, hata kahawa ya bure haimzibi mdomo.

— Hongera, kaka. Lakini wakaguzi hawakukosea. Si ulisema binti alikuwa na ghala zima la kemikali, maelfu kwa maelfu, akazipima moja moja mpaka moja ikakubali? Nipe funguo zote za mji huu uone kama kuna mlango utakaonishinda.

— Utafungua, ukute polisi ndani, alisema Mama Buli.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Mvungu umeingiaje hapa?

— Funguo zikianguka huenda wapi?

Karani, aliyestaafu kazi ya mahakama, alikohoa kama anayefungua kesi.

— Sikiliza, Wembe. Rufaa haikuuliza kama mtu angeweza kujaribu. Iliuliza kama angekuwa na sababu ya kutumaini kufaulu. Soli, waambie ile kemikali ilitoka wapi.

— Rafu ya nyuma kabisa, alisema Soli. Ukoo mzima wa kemikali ambao vitabu vilisema haufai kitu. Wenzake waliuruka. Yeye akasema, niachieni mimi. Wakamcheka.

— Umesikia? Mtaalamu wa kawaida angepita zake.

— Hata! Basi na mke wangu alikuwa dhahiri. Nilipima mtaa mzima, mmoja mmoja, mpaka nikamfikia.

— Wewe ndiye uliyepimwa, alisema Mama Buli. Tena wewe ndiye uliyekuwa rafu ya nyuma.

Benchi likatikisika kwa vicheko. Wembe mwenyewe alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Kwa hoja yako, alisema Karani, hakuna mtunzi wa nyimbo duniani. Herufi zote zilikuwepo, yeye kazipanga tu.

— Hapo umenena! Na herufi nazo zilikuwa dhahiri, zimejaa mdomoni tangu mtu azaliwe.

— Na huo mdomo wako?

— Huu nauombea hataza kesho. Atakayebisha kama mimi, anilipe!

Soli alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

— Siku walipomkatalia alinipigia. Akasema, “Baba, wanasema kila mtu angeiona. Kama kila mtu angeiona, mbona pale kwenye rafu nilikuwa peke yangu?” Leo wakubwa wa rufaa wamemjibu.

Wembe akaweka kikombe chini, akainuka, akamshika Soli mkono kwa mikono yake miwili.

— Yaishe, kaka. Umezaa.

Mama mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amesimama kando na kandambili iliyokatika mkanda, akingoja fundi wake amalize kusherehekea.

— Hongera sana, baba, alisema. Na hiyo dawa inatibu nini?

— Inatibu… alianza Soli.

Akamtazama Karani. Karani akamtazama Wembe. Wembe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatazama chini.

— Jamani, alisema Soli, mimi kila akipiga simu namuuliza kama amekula.