Mama Aliyetoka kwa Kila Yowe

Wasikilizaji wapendwa wa kipindi chetu cha wanafunzi, popote mlipo, simameni wima. Musoma imempoteza jemadari wake, ngao ya wanyonge, mlinzi mkuu wa mitaa yote.

Basi, kaeni. Dorotea Makongoro hakuwa jemadari. Aliuza dagaa kwa kopo pale Kitaji, na silaha yake ilikuwa mchi wa kutwangia.

Alizaliwa Butiama. Kwao yowe likipigwa, kila mtu hutoka. Asiyetoka, kesho yake hutazamwa kama mwizi. Alikuja mjini miaka ile baada ya vita, sabuni hakuna, bunduki zimezagaa. Hapa yowe likipigwa, watu hufunga milango.

Jioni moja jirani yake Enoka alipiga yowe. Dorotea alitoka peke yake. Redio zote zilizimwa. Makomeo yalilia mlango baada ya mlango, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anapita akiyasukuma. Dorotea akaanza kuisemesha milango.

"Alfonce, nakusikia unapumua. Na wewe Pelagia, mama wa kwaya."

Alimkuta Enoka kizingitini kwake, ameshakufa.

Mwaka juzi yowe likarudi. Dorotea anatoka na mchi, mtaa mtupu, hakuna mwizi, hakuna aliyelia. Lilisikika zaidi Juni na Desemba. Watu walinong'ona kuwa ni Enoka, bado anaita majirani. Wakaongeza makufuli. Dorotea aliendelea kutoka. Jumapili moja ya mvua kubwa alizunguka kila ua, akitafuta. Wiki ile ile akashikwa na homa ya mapafu. Amezikwa juzi, kwao Butiama.

Wasikilizaji wapendwa, tunaipa pole familia yake. Na tujiulize: yowe likipigwa leo, nani atatoka?

Bintiye, Hyasinta, tunaye hapa studio. Dada Hyasinta, neno la mwisho kwa wasikilizaji.

"Sina neno na wasikilizaji. Nina neno na wewe. Mama alikujuaga kwa sauti, tangu likizo ya kwanza. Nikamwambia, mama, huyo mtoto wa shule anakuchezea, usitoke. Akasema, siku akilia kweli, atatoka nani? Sasa pole yako siipokei mpaka uwaambie ile ya Jumapili."

Wasikilizaji wapendwa. Ile ya Jumapili ni mimi. Zote ni mimi. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ua wa Alfonce, nimeziba mdomo nisicheke. Alipita karibu kabisa, maji yanamchuruzika, akasema taratibu, "Kama umeumia, mwanangu, gonga bati, nitakuja."

Sikugonga.