Konstanti ya Demetria

Sikumtambua Demetria, mwanafunzi wangu wa zamani, mpaka aliponinukuu. Tulikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni. Saa tatu alitakiwa kuonyesha zahanati fulani programu yake ya foleni ya wagonjwa, nayo ilikuwa imegoma.

“Konstanti, hiyo thamani yako isiyobadilika, umeitangaza ndani ya mabano ya sharti, halafu unaiita nje,” mwenzake, Fredrick, alimcheka. “Huko nje haijulikani, sista. Ihamishe!”

“Sihamishi! Mwalimu alituambia konstanti ni ileile popote.”

“Huyo mwalimu wenu alikuwaga anafundishia usingizini?”

Nilishusha kofia hadi kwenye nyusi, kwa unyenyekevu wa kitaaluma. Pantoni ikagusa gati, wakashuka wakibishana, kompyuta ikiwa wazi mikononi. Tangu siku hiyo, neno “popote” nimelifuta katika somo langu.