Mkono Umevunjika, Wanataka Mkojo

Zarrina, nesi wa chumba cha dharura, alijifunika shungi hadi puani alipoitambua sauti kutoka kiti cha nyuma katika basi dogo la mji wa Khujand. Ni yule mama mkwe aliyemleta mgonjwa jana, Bibi Mastura, akimsimulia abiria asiyemjua.

"Mkaza mwanangu kaanguka kitandani, kile cha uani tunachonywea chai. Mkono ukavunjika!"

Kitanda chenyewe kimo chake ni goti. Zarrina alishapokea wanawake wanne wa kuanguka hivyo mwezi huu. Vitanda vya mji huu ni vikali kuliko mbwa.

"Nesi akimuuliza yeye, najibu mimi. Mkwe mwenye adabu hafungui mdomo mbele yangu. Basi yule nesi akadai mkojo! Mkono umevunjika, mwenzangu, yeye anataka mkojo! Akamfuata mpaka chooni, wakajifungia humo."

"Labda mimba."

"Mimba wapi! Katoka macho mekundu, kashika kikaratasi cha namba ya simu, eti ya maabara. Nikampokonya. Leo nawapigia, niwape vidonge vyao!"

Ilikuwa namba ya nyumba inayowahifadhi wanawake wanaopigwa. Yule mkaza mwana alikuwa ameshaikariri humo chooni.

Yule abiria alivuta mkono wa gauni lake ukafunika vidole. "Nisomee na mimi hiyo namba, dada. Hata mimi huwa naanguka."

Bibi Mastura hakusoma, alitangaza, tarakimu moja moja. Basi liliposimama, wanawake watatu wa viti vya mbele walikuwa bado wanaandika viganjani, na mmoja akageuka.

"Samahani mama, ile ya mwisho ni saba au nane?"